Volti za Wapi, Ampea za Wapi: Kupata Ukinzani na Wati Bila Kupotea

Chukua balbu ya zamani, ile yenye uzi mwembamba ndani ya kioo, iliyoandikwa 240 V 60 W. Usiiwashe. Weka mita kwenye kipimo cha omu, gusisha ncha zake kwenye sehemu mbili za kitako cha balbu, kisha usome. Utaona kitu kama omu 70. Sasa piga hesabu kama ulivyofundishwa: volti 240 gawanya kwa omu 70, unapata ampea 3.43. Zidisha ampea hizo kwa volti 240, unapata wati 823. Balbu imeandikwa wati 60, hesabu inadai 823. Mita ni nzima, kanuni ni ileile ya kila kitabu, na kugawanya umegawanya sawasawa.

Nimewaona vijana wanaojifunza ufundi wakikwama hapa, wakaamua kwamba hesabu za umeme ni za darasani na kazini hazina maana. Huwa inaniuma, kwa sababu ni miongoni mwa hesabu za kweli kabisa ambazo fundi anaweza kubeba kichwani. Kosa haliko kwenye kugawanya. Liko kwenye swali ambalo mtu hakujiuliza kabla ya kugawanya: hizi volti ni za wapi, hizi ampea ni za wapi, na zote ni za wakati gani? Balbu yetu tuiweke mezani kwanza, tutairudia.

Volti, ampea, na lile neno "nguvu"

Lugha yetu ina mtego mmoja hapa. Mtu akisema "leo umeme hauna nguvu", taa zikiwa zinafifia, anachozungumzia ni volti. Akisema "hili jiko lina nguvu", anazungumzia wati. Fundi akisema "waya huu hauwezi nguvu hiyo", mara nyingi ana maana ya ampea. Neno moja, vitu vitatu. Katika fizikia, nguvu ya umeme ni kile kinachopimwa kwa wati peke yake, na ili nisikuchanganye nitataja wati kila inapowezekana.

Ndani ya waya kuna chaji inayosogea, na chaji hupimwa kwa kulombi. Kulombi moja ni sawa na chaji ya elektroni takriban 6.24 × 10¹⁸, idadi ambayo hakuna mtu anayeweza kuipiga picha kichwani, kwa hiyo ichukue tu kama fungu. Chaji hiyo inayopita ndiyo mkondo, na ampea ndicho kipimo chake, yaani idadi ya mafungu yanayopita mahali fulani kila sekunde: ampea 8 ni kulombi 8 kwa sekunde. Volti ni nishati ambayo kila fungu huiacha njiani linapotoka nukta moja kwenda nyingine: kukiwa na volti 12 kati ya nukta mbili, kila kulombi inayopita kati yake inaacha juli 12.

Tazama kinachotokea ukizidisha. Juli kwa kila kulombi, mara kulombi kwa kila sekunde: kulombi zinakatana, zinabaki juli kwa kila sekunde. Na juli moja kwa sekunde ndiyo wati. Hakuna cha kukariri hapo. Ukijua volti ni nini na ampea ni nini, P = V × I, yaani wati ni volti mara ampea, inajitokeza yenyewe.

Ukigawanya badala ya kuzidisha, unauliza swali jingine: ili kupitisha ampea moja hapa, ninahitaji volti ngapi? Jibu ndilo ukinzani, R = V ÷ I, na kizio chake ni omu. Kitu kinachohitaji volti 30 kwa kila ampea kina ukinzani wa omu 30. Waya mnene wa shaba unaohitaji sehemu ya mia ya volti kwa kila ampea una ukinzani wa omu 0.01.

Omu ni jina la Georg Simon Ohm, aliyekuwa mwalimu huko Cologne, Ujerumani, katika miaka ya 1820. Tatizo lake la kwanza lilikuwa betri: za wakati ule zilidhoofika upesi, na ukipima leo na kesho hupati namba moja. Aliposhauriwa na mwanafizikia Poggendorff, akaacha betri, akatumia metali mbili zilizoungwa, bismathi na shaba, ungio moja likiwa kwenye joto la maji yanayochemka na jingine kwenye barafu. Chanzo hicho hutoa volti ndogo sana, lakini hazitikisiki. Hapo akabadilisha waya mmoja baada ya mwingine na kuona jinsi mkondo unavyofuata urefu wa waya. Alichapisha kazi yake mwaka 1827, na mwaka 1841 Royal Society ya London ikamtunuku Medali ya Copley. Napenda kukumbusha jambo hili kwa sababu jasho kubwa la Ohm halikuwa kwenye kugawanya. Lilikuwa kuhakikisha kwamba volti anazozigawanya ni zilezile alizozipima.

Nukta mbili

Sasa tufanye hesabu yenyewe. Hita ya maji imeunganishwa kwenye umeme wa volti 240 na inavuta ampea 8. Ukinzani: 240 ÷ 8 = omu 30. Wati: 240 × 8 = 1,920. Safi.

Lakini tuseme hita hiyo iko mbali na swichi kuu, inalishwa kwa waya mrefu na mwembamba. Unaweka mita kwenye swichi kuu hita ikiwa inafanya kazi, unasoma volti 240. Unakwenda kwenye hita yenyewe, unaweka mita kwenye vituo vyake viwili, unasoma volti 232. Ampea ni 8 kote, kwa sababu njia ni moja na mkondo haupungui kokote. Kinachoingia ndicho kinachotoka. Volti 8 ziko wapi? Zimeachwa ndani ya waya.

Hapo una vitu viwili, na kila kimoja kina volti zake. Hita: 232 ÷ 8 = omu 29, na 232 × 8 = wati 1,856. Waya, kwenda na kurudi: 8 ÷ 8 = omu 1, na 8 × 8 = wati 64. Jumlisha wati zote: 1,920, sawa na 240 × 8. Umeme hauibi wala haupotezi hesabu. Kila juli ina mahali ilipoachwa.

Kwa hiyo ile hesabu ya mwanzo, omu 30, haikuwa ya hita. Ilikuwa ya hita na waya wake kwa pamoja, kwa sababu volti 240 zilipimwa kati ya nukta zilizovifunga vyote viwili. Volti daima ni za nukta mbili. Ukisema "volti 240" bila kusema kutoka wapi hadi wapi, hujasema kitu kinachoweza kuingia kwenye kanuni.

Kanuni hizi mbili zikichanganywa huzaa nyingine mbili. Kwa kuwa V ni sawa na I × R, weka hilo mahali pa V kwenye kanuni ya wati, upate P = I² × R, yaani mkondo uzidishwe kwa wenyewe kisha kwa ukinzani. Na kwa kuwa I ni sawa na V ÷ R, unapata P = V² ÷ R. James Prescott Joule aliifikia ile ya I² kwa vipimo, mwanzoni mwa miaka ya 1840, kwa kuangalia waya unavyopasha maji: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne.

Mtu aliyeshika kanuni hizo bila kushika nukta zake atafanya hivi kwa ule waya wetu wa omu 1: V² ÷ R, 240 × 240 ÷ 1, wati 57,600. Waya ungeyeyuka papo hapo. Hauyeyuki, kwa sababu volti 240 si za waya. Za waya ni 8 tu, na 8 × 8 ÷ 1 ni 64, jibu lilelile la mwanzo. Kosa hili nimelikuta kwenye madaftari, na hata kwenye mipango ya kazi ya watu waliokwisha kuhitimu.

Ndiyo sababu mimi humwambia anayeanza aanze na I² × R anaposhughulika na waya, maungio na fyuzi. Ampea za njia moja ni zilezile kila mahali, hata ukipimia mwisho mwingine. Volti za kipande kimoja ni lazima uziendee hapohapo.

Ukinzani ukipanda, joto linapanda au linashuka?

Kanuni moja inasema P = I² × R: ukinzani juu, wati juu. Nyingine inasema P = V² ÷ R: ukinzani juu, wati chini. Zote ni za kweli. Tofauti ni kipi kimeshikiliwa.

Vifaa vilivyochomekwa kila kimoja kwenye soketi yake viko sambamba: vyote vinapata volti 240 zilezile, na mkondo wa kila kimoja unaamuliwa na ukinzani wake. Hapo mwenye omu chache ndiye anayekula wati nyingi. Balbu ya wati 100 ina omu 576 ikiwaka, ya wati 60 ina omu 960. Hakuna mgogoro.

Sasa ziunge kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, kwenye volti 240. Mkondo unaopita ni mmoja. Jumla ya ukinzani, kwa hesabu ya karibu, ni omu 1,536, na mkondo ni ampea 0.156. Balbu ya wati 60 inashika volti 150 na kula wati 23. Ile ya wati 100 inabaki na volti 90 na wati 14. Balbu "ndogo" ndiyo inayong'aa zaidi! Jaribio hili hunyamazisha chumba kizima mara ya kwanza linapoonekana, na mtu akilielewa, mgogoro wa kanuni mbili unakwisha. Ukiona volti zimeshikiliwa, tumia V² ÷ R. Ukiona mkondo umeshikiliwa, tumia I² × R. Ukiwa na shaka, rudi kwenye V × I ya kifaa hichohicho. Hiyo haina masharti.

Hebu tutazame ungio lililolegea, maana hapa hesabu hii inaokoa nyumba. Skrubu ya soketi haikukazwa vizuri. Shaba imeanza kuwa nyeusi, mguso umebaki kwenye sehemu ndogo, na hapo pamezaliwa ukinzani wa omu 0.3. Mita ya kawaida haiutambui vizuri, kwa sababu waya za mita zenyewe zina ukinzani unaokaribia huo. Hita yetu, ambayo pamoja na waya wake ni omu 30, sasa inavuta ampea 7.92 badala ya 8, tofauti ambayo hakuna anayeiona. Lakini 7.92 × 7.92 × 0.3 ni karibu wati 19, na wati hizo zote zinamwagwa mahali padogo kama kichwa cha skrubu. Vifaa vidogo vya kuyeyushia risasi ya kulehemu hutumia wati kama hizo hizo. Plastiki inalainika, shaba inazidi kuoza, ukinzani unapanda, joto linapanda tena.

Na fyuzi? Fyuzi inalinda dhidi ya mkondo mkubwa, na mkondo haukuongezeka, umepungua kidogo. Fyuzi itakaa kimya mpaka soketi iungue. Kinachoonyesha tatizo hili ni kupima volti kati ya pande mbili za ungio lenyewe, mzigo ukiwa unafanya kazi. Ungio zuri litaonyesha karibu sifuri. Hili litaonyesha volti 2.4. Ni kazi ya kufanywa na mtu anayejua kushika mita kwenye umeme uliowashwa, na si ya kujaribia.

Nyaya za kusafirishia umeme mbali zinafuata I² × R hiyohiyo. Tuseme unataka kupeleka wati 10,000 kupitia njia yenye omu 1. Kwa volti 240, unahitaji ampea 41.7, na njiani zinapotea wati 1,736. Kwa volti 11,000, unahitaji ampea 0.91, na zinapotea chini ya wati moja. Waya ni uleule. Transfoma mwisho wa safari inarudisha volti chini kwa matumizi ya nyumbani.

Kilichoandikwa kwenye kifaa

Kibandiko cha hita kinasema 240 V 2000 W. Watu husoma zile wati kama uzito wa kifaa, kitu kisichobadilika. Sivyo. Kibandiko kinasema: *ukinipa* volti 240, nitakula wati 2,000. Kinachokaribia kuwa tabia ya hita yenyewe ni ukinzani wa kile kiwaya chake, 240 × 240 ÷ 2,000, omu 28.8.

Sasa jioni volti zimeshuka hadi 200. Mkondo ni 200 ÷ 28.8, ampea 6.94, na wati ni 200 × 6.94, karibu 1,389. Volti zimepungua kwa moja ya sita, wati zimepungua kwa karibu theluthi. Ndiyo maana umeme ukififia kidogo tu, maji yanachelewa sana kuchemka: ile V² inapunguza mara mbili, kwanza kupitia volti zenyewe, kisha kupitia mkondo uliopungua pamoja nazo.

Kompyuta haifanyi hivyo. Kisanduku chake cha kubadilisha umeme kimetengenezwa ili kuipa wati inazotaka hata volti zikishuka. Kama inahitaji wati 60, kwa volti 240 huvuta robo ampea. Volti zikishuka hadi 200, huvuta ampea 0.3. Volti chini, mkondo *juu*. Ukigawanya V kwa I utapata "ukinzani" wa omu 960 mara ya kwanza na omu 667 mara ya pili. Ni uwiano tu wa namba mbili za dakika ile. Hakuna kitu ndani ya kisanduku chenye omu hizo.

Hapa kuna tofauti ambayo vitabu vingi hupita haraka mno. R = V ÷ I ni *maana* ya ukinzani, na unaweza kuukokotoa kwa kitu chochote, wakati wowote. Kanuni ya Ohm inasema zaidi: kwamba kwa vitu fulani, metali hasa, halijoto ikiwa haibadiliki, uwiano huo *unabaki uleule* hata ukibadilisha volti. La kwanza ni kugawanya. La pili ni ugunduzi, na halihusu kila kitu.

Tuirudie balbu. Uzi wake ni tangsteni. Ulipoupima ulikuwa baridi, na omu 70 ni kweli. Balbu ikiwaka, uzi unafika karibu nyuzi 2,500 za Selsiasi, na ukinzani wa metali hupanda kadiri inavyopata joto. Kibandiko kinatuambia ukinzani wa balbu inapowaka: 240 × 240 ÷ 60, omu 960, karibu mara 14 ya ule wa baridi. Mkondo wake ni 240 ÷ 960, ampea 0.25, na 0.25 × 240 ni 60. Kibandiko hakikudanganya.

Wala mita haikudanganya, na hili ndilo ninalolipenda zaidi. Zile wati 823 zipo kweli! Zinakuja wakati ule unapobonyeza swichi, uzi ukiwa bado baridi. Kwa sehemu ndogo ya sekunde balbu inavuta ampea tatu na zaidi, uzi unapata moto, ukinzani unapanda, mkondo unashuka na kutulia. Ndiyo sababu balbu hizi hupenda kuungua unapoziwasha kuliko zikiwa zimeshawaka: sehemu ya uzi iliyolika inapata pigo lile kabla ya sehemu nyingine. Kosa letu la mwanzo lilikuwa kuchukua ukinzani wa balbu baridi na kuuoanisha na kibandiko cha balbu moto.

Ka-LED kekundu, kile kitaa kidogo cha kuonyesha kwamba kifaa kimewaka, kana tabia nyingine tena. Kwa miliampea 20 kanashika kama volti 2, na 2 ÷ 0.02 ni omu 100. Mtu akiamini omu hizo, atasema kwamba kwa volti 12 kitapita ampea 0.12. Hapana, mkondo wa LED hupanda ghafla kwa ongezeko dogo la volti, na itakufa kabla hujaondoa mkono. Njia sahihi ni kurudi kwenye nukta mbili: betri ni volti 12, LED itashika 2, zinabaki 10, na hizo 10 lazima zishikwe na rezista, kipande kilichotengenezwa kiwe na ukinzani maalumu, iliyo mfululizo nayo. 10 ÷ 0.02 ni omu 500. Rezista ya omu 560 inapatikana kirahisi na itapitisha miliampea 18 hivi. Wati zake: 10 × 10 ÷ 560, karibu 0.18. Rezista ya robo wati itaweza lakini itakuwa ya moto. Weka ya nusu wati.

Angalia vizio hapo. Ukigawanya 10 kwa 20 ukisahau kwamba ni *mili*ampea, utapata 0.5 na kushangaa. Mimi huacha namba zilivyo na kukumbuka kwamba volti zikigawanywa kwa miliampea zinatoa kilo-omu: 0.5 ya kilo-omu, yaani omu 500. Volti mara miliampea ni miliwati.

Mota

Mita kwenye koili ya mota ndogo, yaani waya uliozungushwa ndani yake, inasoma omu 6. 240 ÷ 6 ni ampea 40. Mota ikizunguka inavuta ampea 5. Ukinzani wa koili ni omu 6 kweli, lakini si peke yake unaozuia mkondo. Umeme wa majumbani ni mkondo geu, unageuka upande mara 50 au 60 kwa sekunde, na koili hupinga mabadiliko hayo. Tena mota inayozunguka huzalisha volti zake zinazosukuma kinyume. Ndiyo sababu mota iliyokwama haraka hunuka: volti zile za kinyume hazipo tena, mkondo unapanda mara kadhaa, na I² × R inachoma koili.

Wati za mota nazo hazitoki kwa V × I ya moja kwa moja. 240 × 5 ni 1,200, lakini mita ya wati inaweza kuonyesha 900. Mkondo na volti havipandi na kushuka kwa pamoja. Kuna sehemu ya kila mzunguko ambapo mota inarudisha nishati kwenye waya badala ya kuila. Zile 1,200 huitwa volti-ampea, na uwiano wa 900 kwa 1,200, yaani 0.75, ndio mafundi wanaouita pawa fakta. Kwa hita, pasi na balbu ya uzi ni 1, na unaweza kuisahau. Lakini usisahau kwamba waya hauangalii wati: waya unapitisha ampea 5 zote, na unapata moto wa ampea 5.

Koili ya omu 6 ikipitisha ampea 5 inatoa joto la 25 × 6, wati 150. Zinazobaki kati ya 900 ndizo zinazozungusha, ukitoa msuguano na hasara nyingine za ndani. Hapa kupima omu kwa mita kunarudi kuwa na maana, kwa swali lake sahihi.

Neno moja kuhusu mkono wa binadamu, kwa sababu kanuni hizi zinauhusu pia. Mwili uliolowa unaweza kuwa na ukinzani wa kama omu 1,000. 240 ÷ 1,000 ni ampea 0.24, na hiyo inatosha kuua, ingawa haitoshi hata kukaribia kukata fyuzi ya ampea 5. Vikata-umeme vya kulinda watu huwekwa vikate kwenye ampea 0.03. Kwa hiyo omu hupimwa umeme ukiwa umezimwa, kifaa kimechomolewa, na kapasita, vile vipande vinavyohifadhi chaji, zimetolewa chaji. Mita ikiwa kwenye omu hutuma mkondo wake mdogo yenyewe na kusoma volti zinazoonekana. Ukiigusisha kwenye umeme hai, unaiharibu au unajidhuru. Ikiwa kwenye ampea, lazima iingie ndani ya njia, kwa mfululizo. Mtu akiiweka sambamba kama anapima volti, ukinzani wa mita ni karibu sifuri, na gawanya 240 kwa karibu sifuri uone.

Betri inayowasha taa na kushindwa kuwasha injini

Betri ya gari imepumzika, mita inasoma volti 12.6. Unapiga stata, ile mota ya kuwashia injini, mkondo ni ampea 200, na mita kwenye vituo vya betri inashuka hadi 10.2. Volti 2.4 zimeachwa ndani ya betri yenyewe, kwenye ukinzani wake wa ndani: 2.4 ÷ 200, omu 0.012. Stata inapata 10.2 × 200, wati 2,040. Ndani ya betri zinabaki wati 480 kama joto. Ukinzani wa stata kwa wakati ule, kwa makadirio, ni 10.2 ÷ 200, omu 0.051.

Betri ikizeeka, ukinzani wa ndani unapanda. Tuseme umefika omu 0.05. Ukiipima ikiwa imepumzika bado itasoma 12.6, kwa sababu mita ya volti haivuti mkondo wa maana, na pasipo mkondo hakuna volti zinazoachwa ndani. Piga stata: jumla ni omu 0.101, mkondo ni ampea 125. Stata inapata volti 6.4 na wati kama 795, chini ya nusu ya ilizokuwa inapata. Inagonga mara moja na kunyamaza. Mwenye gari anashangaa kwa sababu taa za dashibodi na redio vinafanya kazi vizuri, lakini hivyo vyote pamoja vinataka ampea 2 tu, na 2 × 0.05 ni sehemu ya kumi ya volti.